Dila hakuuza bunduki, sasa kodi ya mauzo anatoza ya nini?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye safu ya barua za wasomaji. Najua wengi wanaolisoma gazeti hili wako nyumbani, ila na sisi tulioko huku Marekani tunalisoma kwenye simu tukitoka shifti asubuhi, na hili jambo la hela tunazotozwa kwa dila linatugusa sisi tuliopata grini kadi au uraia tukaanza kununua bunduki, wengine za kuwindia na wengine za kulinda nyumba. Hela zinakatwa pale kaunta na watu wengi wetu wanalipa tu kwa sababu hawajui ipi ni ya serikali, ipi ni ya dila, yaani mwenye duka la bunduki, na ipi haikutakiwa kulipwa kabisa.

Mimi nakaa Kent, jimbo la Washington, kusini ya Seattle. Mwaka jana mwezi wa tisa nilinunua bunduki ya kuwindia kwa mzee mmoja tunafanya naye kazi weahausi, yaani ghalani, anastaafu, macho yamechoka, akaniambia kijana hii chukua wewe maana nimeona unapenda kwenda porini. Tukakubaliana dola 600, bunduki nzuri, kitako cha mbao kimeng'aa kwa kushikwa miaka mingi na mkanda wa ngozi ambao alioshona mwenyewe. Sasa kwa wasiojua, huku Washington huwezi kumpa mtu hela akakupa bunduki mkaachana hapo. Mwaka 2014 wananchi walipiga kura wakapitisha sheria inaitwa I-594, kwamba hata mkiuziana watu wawili wa kawaida lazima mwende kwa dila mwenye leseni ya serikali kuu, mnunuzi ajaze fomu ya serikali kuu namba 4473, achekiwe rekodi kama hana kesi wala zuio la mahakama, ndio akabidhiwe. Ndugu wa karibu wakipeana zawadi ya kweli, baba kwa mwana, shangazi, mpaka binamu wa kwanza, hao wameachiwa, lakini mzee wa kazini sio shangazi yangu kwa hiyo tukaenda kwa dila.

Na niseme mapema ili nisieleweke vibaya, mimi hiyo sheria naikubali. Nimekulia kijijini ambako gobore lilikuwa la babu na kila mtu alijua liko kwa nani, lakini hapa watu hamjuani, mtu anauza bunduki kwa mtu aliyemuona jana, lazima pawe na mahali pa kumcheki. Ada ya dila pia siikatai. Yule mtu anafanya kazi, bunduki anaiingiza kwenye kitabu chake imetoka kwa nani na imekwenda kwa nani, fomu yako anatakiwa aitunze miaka mingi, wakaguzi wa serikali kuu wakija wakakuta namba moja ya bunduki imekosewa ni matatizo kwake. Sheria yenyewe ya I-594 inamruhusu atoze ada inayolingana na gharama na usumbufu wa hiyo kazi kwa bei ya soko. Haikutaja kiwango cha mwisho, na hapo ndipo kila duka linajipangia lake, mimi kabla ya kwenda nilipiga simu maduka matano nikatajiwa dola 30, 40, 50, 50 na mmoja 75, kazi ni ile ile.

Basi tukaenda la dola 50 kwa kuwa liko karibu. Nikajaza fomu, nikaonyesha cheti cha mafunzo ya usalama ambacho tangu mwaka 2024 lazima uwe nacho, nikaambiwa nisubiri siku 10 za kazi, sawa. Siku ya kuchukua nikaenda mwenyewe, kijana wa kaunta akaniletea risiti nikaona dola 129 na senti 20. Nikamuuliza mbona hivi, simu mlisema 50? Akasema kuna 18 ya polisi wa jimbo. Hiyo ni kweli, tangu Januari 2024 kuchekiwa rekodi huku kunapitia polisi wa jimbo na wao wanatoza dola 18, hata hiyo sikulalamika. Nikapiga hesabu, 50 na 18 ni 68. Bado dola 61 na senti 20. Hiyo ni nini? Akageuza skrini akanionyesha na kidole, kodi ya mauzo, asilimia 10 na pointi mbili ya dola 600.

Mhariri, nilisimama pale nikaishiwa maneno. Dila hajaniuzia kitu! Bunduki sio yake, hela ya bunduki hajaigusa, nilimpa mzee mkononi na mzee akahesabu mbele ya mke wake, sasa mauzo yanayotozwa kodi ni yapi? Lakini nyuma yangu kulikuwa na foleni, watu wanaangalia saa, na unajua mtu mweusi mwenye lafudhi ya kigeni ukianza kubishana kwenye duka la bunduki unajifikiria mara mbili. Nikalipa nikaondoka.

Usiku ule sikulala vizuri, asubuhi nikakaa na binti yangu yuko chuo tukatafuta sheria za jimbo. Imeandikwa wazi, tena iliingia pamoja na hiyo hiyo I-594 waliyoipigia kura wananchi, kwamba kodi ya mauzo haitozwi kwenye bunduki inayouzwa kati ya watu wawili wasio na leseni ya kuuza bunduki kama wamefuata taratibu zote za kuchekiwa, na kodi ya matumizi, ile ya mali ambayo haikulipiwa kodi ya mauzo, dila halazimiki kuikata, nayo ina kifungu chake. Yaani waliotunga walijua kabisa kwamba wanawalazimisha watu kupita kwa dila, wakasema basi asije mtu akageuza huo ulazima kuwa mauzo mapya. Binti akaichapisha karatasi mbili nikarudi nazo dukani.

Mara ya kwanza meneja hayupo. Mara ya pili nikamkuta, akasoma, akasema kompyuta ndiyo inaweka yenyewe, ukishaingiza thamani ya bunduki inakata. Akanirudishia dola 61 na senti 20 kwenye kadi, hilo nashukuru. Lakini akaniambia neno ambalo ndilo limenifanya niandike barua hii, kwamba mimi ndio wa kwanza kuulizia. Wa kwanza! Sheria ina zaidi ya miaka kumi. Je waliopita pale kabla yangu wakaziacha hizo hela, na katika hao wangapi ni wenzetu, mama wa Kikongo anayefanya kazi ya usiku na amenunua bastola ya mwenzake kwa sababu kavunjiwa nyumba, kijana wa Kisomali, Mkenya, wote hao wanaona neno kodi kwenye risiti wanaogopa kuuliza kwa sababu sisi tumezoea kodi ni kitu usichobishana nacho hasa ukiwa mgeni.

Sasa isije mtu akasoma hapa akaenda kugombana na dila ambaye yuko sahihi, kwa sababu kuna mahali kodi ni halali. Ukinunua bunduki ya duka lenyewe, mpya au iliyotumika ambayo duka iliinunua ikaiweka kabatini, hiyo ni mauzo na kodi utalipa kama unavyolipia televisheni. Ukinunua kwa duka la nje ya jimbo nayo ina mambo yake. Rafiki yangu Baba Salma alinunua bastola Oregon, Oregon hawana kodi ya mauzo kabisa, akafikiri ameokoa. Bastola huwezi kukabidhiwa na dila wa jimbo ambalo sio lako, sheria ya serikali kuu ya mwaka 1968 inakataza, kwa hiyo ikatumwa kwa dila wa huku Washington na huku akatozwa kodi ya matumizi kwa sababu kule hakulipa kitu. Alikasirika sana, mimi nikamwambia hapana hiyo wana haki nayo, mkaazi wa Washington akileta mali ambayo haikulipiwa kodi anadaiwa.

Lakini kijana mwingine wa msikitini kwetu alinunua kwenye duka kubwa la mtandaoni, na tangu Mahakama ya Juu ya Marekani iamue kesi ya duka la mtandaoni la Wayfair mwaka 2018 majimbo yanaweza kuyalazimisha maduka makubwa ya mbali kukata kodi ya jimbo la mnunuzi, kwa hiyo alikuwa amekatwa kodi ya Washington palepale alipobonyeza kununua. Bunduki ilipofika kwa dila akatozwa tena kodi ya bei nzima. Mara mbili kitu kimoja! Angekuwa na ile risiti ya kwanza mkononi akaiweka juu ya kaunta ingeisha dakika hiyo hiyo, lakini alikuwa ameifuta kwenye imeili.

Watu wa majimbo mengine nao wana ya kwao. Shemeji yangu yuko San Diego, kule California watu wawili wakiuziana, sheria imembana dila asizidishe dola 10 kwa bunduki moja kama ada yake, mbali na ada za jimbo ambazo zinajulikana. Kule kule tangu Julai 2024 wameweka kodi mpya ya asilimia 11 juu ya mauzo ya bunduki na risasi ya maduka, kwa hiyo sisemi California ni rahisi, ni ghali, ila angalau mtu akienda kuuziana na jirani yake anajua dila atachukua ngapi kabla hajatoka nyumbani. Hilo ndilo ninalolitamani huku kwetu. Kama wabunge wa jimbo hawataki kuweka kiwango basi wamlazimishe dila abandike ubao ukutani, ada yangu hii, ya polisi wa jimbo hii, kodi inatozwa kwenye hiki na kwenye hiki haitozwi, na risiti iandikwe mistari hiyo hiyo kila mmoja na hela yake. Duka la dawa wanaweza, fundi wa magari anaweza, kwa nini mwenye leseni ya bunduki ashindwe.

Na ninawaomba wenzangu mnaosoma huku, mkipiga simu kwa dila msiulize tu transfa, yaani kukabidhiwa bunduki kupitia kwake, ni bei gani maana atakutajia ada yake peke yake. Muulize nikitoka hapo mlangoni na bunduki nitakuwa nimelipa jumla ngapi, na mwambie mapema kwamba ni ya mtu binafsi anakuuzia. Ukimuuzia mtu andikeni karatasi ya mauziano hata ya mkono, majina, tarehe, bei, namba ya bunduki, ili ionekane wazi muuzaji ni nani. Na kama ulishalipa kodi kwenye mauziano ya watu wawili, tafuta risiti yako ya zamani urudi nayo, mimi nilirudishiwa baada ya wiki mbili na safari mbili za basi.

Kuna wazee hapa mtaani Kiingereza kinawapiga chenga, hao wasiende peke yao. Jumamosi ijayo nakwenda na Baba Salma na mzee mwingine wa Kirundi ambaye ananunua bunduki ya kuwindia kwa jirani yake, karatasi mbili za sheria nimeshazichapisha tena na zipo kwenye gari.

Msomaji wenu,
Kent, Washington, Marekani