Barua ya kufunga muhula: vitu vya kuwapelekea majirani baada ya ile dhoruba

Kwa wazazi na walezi wetu wote,

Habari zenu na poleni na pilika za kufunga shule. Ripoti wamepewa watoto wote leo, kwa hiyo ukiambiwa "bado hazijatoka" fungua begi mwenyewe, iko humo, pengine imekunjwa mara nne chini ya madaftari. Tarehe ya kufungua imeandikwa ukurasa wa nyuma. Matokeo sio mabaya ukizingatia kwamba wiki nzima ya mitihani ilivurugwa na mvua na upepo, ila hayo tutayaongea kwenye kikao cha mwanzo wa muhula, leo naomba mnivumilie niongelee kitu kimoja tu, majirani zetu.

Hali mnaijua. Shule imepona, vioo vimevunjika na mti umeanguka upande wa uwanjani, basi. Lakini wenzetu wa kule chini nyumba zimeezuliwa, maji yameingia mpaka usawa wa kitanda, godoro likishalowa maji ya matope halina kazi tena, na wengine mpaka leo wanalala kwa ndugu. Na ninaposema majirani sisemi watu baki, wapo wazazi wa shule hii hii miongoni mwao, wanaisoma hii barua sasa hivi kama nyinyi. Naomba hilo mliweke akilini mnapoendelea kusoma.

Tangu dhoruba ipite watu wameleta vitu getini bila hata kuombwa, tunawashukuru sana, kwa kweli roho mnazo. Sasa niseme na lile lingine. Kuna mfuko mmoja mkubwa uliletwa umefungwa vizuri kabisa, juu nguo zimepigwa pasi, chini kabisa kuna taulo bichi. Ulikaa stoo siku chache tu, tulipoufungua harufu ilitufukuza, ukungu umeshapanda mpaka zile za juu, na walimu wawili waliokuja kupanga vitu wakashinda asubuhi nzima kwenye beseni wakifua nguo ambazo nusu yake ilibidi zitupwe. Kingine, viatu vingi sana vinakuja mguu mmoja mmoja, wa pili haujulikani uko mfuko gani. Sisemi kwa ubaya jamani, ila mtu aliyepoteza kila kitu hahitaji kupewa kazi ya kuchambua.

Kwa hiyo tukaona tusikae hapa kubahatisha, tukawauliza wenyewe. Na majibu yao, niwaambie ukweli, hayakufanana na kilichojaa stoo. Nguo za wakubwa wanazo, zimewafikia nyingi mpaka hawana pa kuziweka. Walichotaja kwanza kabisa ni ndoo zenye mfuniko na madumu. Halafu sabuni. Halafu maturubai na kamba za kufungia, vyandarua kwa sababu maji yaliyotuama yameshaanza kuleta mbu, tochi na betri zake, masufuria, pedi, na chupi mpya, hizi za ndani jamani zinunuliwe mpya, hakuna mjadala. Na viatu vya kufunika mguu wote, sio ndala, maana matope yamejaa misumari na vipande vya mabati na watu wanazunguka humo kutwa nzima wakiokota mali zao, na jeraha la msumari mchafu ndilo njia ya pepopunda.

Kuna mzazi aliniuliza, ndoo kweli ndio iwe ya kwanza kuliko chakula? Hebu tupige hesabu kidogo. Mashirika ya misaada duniani yana mwongozo unaoitwa Sphere, humo wanasema mtu mmoja anahitaji walau lita 15 za maji kwa siku, ya kunywa, kupika, kuoga na kufua. Familia ya watu 6 hiyo ni lita 90. Sasa yabebe kwa sufuria kutoka kwenye bomba, na ukishafika nayo uyaweke wapi, maana chombo kisicho na mfuniko kila mkono unaingia humo na kikombe chake, maji yaliyotoka bombani masafi yanachafukia nyumbani. Ndio maana wanashauri kila kaya iwe na vyombo viwili vya lita 10 mpaka 20, kimoja cha kuchotea na kingine cha kuhifadhia. Sabuni nayo mwongozo huo huo unasema gramu 250 za kuogea kwa mtu kwa mwezi na gramu 200 za kufulia, kwa hiyo mche mmoja kwa familia nzima hauwafikishi popote, ukiweza leta zaidi.

Na wale wanaopeleka maji au wanaokaa na wageni waliohama, naomba mkumbushane: maji ya kunywa yachemke mpaka yatokote kabisa walau dakika 1 nzima, na sehemu za miinuko mikubwa, zaidi ya mita 2,000, dakika 3. Yakiwa na tope chujeni kwanza kwa kitambaa kisafi. Wenye vidonge vya kutibu maji wafuate maandishi ya kwenye pakiti na wasubiri muda ulioandikwa, mara nyingi ni nusu saa, sio kutumbukiza na kunywa hapo hapo. Mtoto akianza kuharisha aanzishiwe maji ya chumvi na sukari, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi, chumvi isizidi hapo, huku mnampeleka kituo cha afya.

Vya kutoleta navyo vipo, msinielewe vibaya. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga na chupa za kunyonyea tunaomba msilete kabisa. Najua inashangaza, maana ndicho kitu cha kwanza mtu mwenye huruma anakifikiria, lakini maziwa yale yanakorogwa kwa maji, na maji ndiyo hayo tumeyasema, afu chupa inaoshwa wapi, na mama aliyekuwa ananyonyesha akipewa kopo la bure anapunguza kunyonyesha na maziwa yake yanapungua. Miongozo ya kimataifa ya kulisha watoto wachanga wakati wa majanga inakataza michango ya namna hii. Mtoto ambaye hanyonyeshwi kwa sababu yoyote ile muuguzi ndiye atakayempangia. Unataka kumsaidia mama anayenyonyesha? Mpe chakula cha kutosha, maji safi na sehemu ya kukaa penye staha.

Dawa pia hatupokei, hata zile mlizobakiza nyumbani mkaona ni nzima. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo wa misaada ya dawa tangu miaka ya 1990, na moja ya masharti ni kwamba dawa ikifika iwe imebakiza walau mwaka 1 kabla ya kuisha muda, na iwe na maandishi ya lugha ambayo wahudumu wa afya wa huko inakopelekwa wanaielewa. Vidonge vitano kwenye bahasha isiyo na jina havitimizi hata robo ya hayo. Mwenye dawa zima azipeleke kituo cha afya waamue wao. Chakula kiwe kikavu na pakiti haijafunguliwa, kopo lililovimba au lenye kutu usilete, na chochote kilichoguswa na maji ya mafuriko hata kama kinaonekana kizima kitupwe.

Pesa shule haipokei. Ukitaka kumsaidia jirani kwa pesa mpe mwenyewe mkononi, yeye ndiye anajua kama leo anataka misumari au nauli, na kusema kweli kwa maoni yangu hiyo mara nyingi ndiyo msaada mzuri kuliko mifuko yote hii, ila sio kila mtu anayo, naelewa.

Sasa watoto. Wapo wanafunzi wetu waliopoteza sare, viatu, madaftari, vyote. Hatutawapanga mstari mbele ya wenzao kugawiwa, na hakutakuwa na picha, naomba hata kwenye magrupu ya madarasa msirushe picha ya mtoto au mzazi akipokea kitu, hata kama nia ni kushukuru. Mzazi anayehitaji sare au vifaa amwone mwalimu wa darasa au mimi mwenyewe, mlango wa ofisi uko wazi, au atume ujumbe tu wa neno moja, saizi ya mtoto tunaijua. Vitu vitawekwa kwenye begi la kawaida kama mabegi ya wengine na atachukua muda anaoutaka yeye. Mwenye sare zilizombana mwanawe, hizo ndizo tunazozitafuta sana, zifuliwe, zikauke kabisa, vifungo vilivyokatika vishonwe kabla, viatu vifungwe kamba kwa kamba viwe pea, na juu ya mfuko andika saizi na kama ni ya mvulana au msichana. Daftari likitumika kurasa tano za mwanzo chaneni hizo tano mlete, linafaa.

Vitabu vya shule vilivyolowa, tafadhali msivitupe na msivianike kwenye jua kali wala kuvipiga pasi. Ukungu unaanza ndani ya siku mbili hivi, kwa hiyo ni kuwahi. Kisimamishe kitabu kivulini penye upepo, kurasa zilizogandana usizibandue kwa nguvu zitachanika, weka karatasi kavu katikati ya kurasa kila baada ya kurasa kadhaa na uzibadilishe zikilowa. Vilivyoshindikana virudisheni hivyo hivyo ili vifutwe kwenye daftari la vitabu, hakuna mzazi atakayedaiwa kitabu kilichoharibiwa na dhoruba, nimeulizwa hilo mara nyingi nimeona niliandike.

Watoto wakubwa wanataka kwenda kusaidia kusafisha likizo hii, ni jambo jema sana, ila waende na mtu mzima, wavae viatu vya kufunika, wasiingie kwenye nyumba iliyopasuka ukuta na wakiona waya wa umeme umeanguka wasiusogelee hata kama wanaambiwa umeme umekatika. Wadogo wabaki hapa shuleni, kuna kazi ya kutosha ya kukunja nguo, kuandika lebo na kutafuta huo mguu wa pili wa viatu.

Stoo itafunguliwa asubuhi siku za kazi likizo yote, mlinzi atakuwepo na kuna daftari la kuandika kilichoingia na kilichotoka, mzazi yeyote anaruhusiwa kulisoma, hata yule asiyetoa kitu. Msilete vyote wiki hii lakini. Wiki hizi za mwanzo kila mtu ana moto, baada ya mwezi watu wamerudi kwenye mambo yao na jirani bado hana paa, sabuni ya kwanza imeisha, na shule ndio zinafunguliwa watoto wanatakiwa wawe na madaftari. Wenye uwezo wa kutoa mara moja tu tunaomba wasubiri wiki ya mwisho ya likizo, orodha mpya tutaibandika getini kila tukishaongea na wenyewe, kwa sababu mahitaji ya mwezi ujao sio haya ya leo, huenda watakuwa wanataka nyundo na misumari kuliko maturubai.

Na nyinyi mlioathirika, msione aibu kutuambia kama kuna kitu tumekosea kwenye ugawaji, au kama kuna jirani tumemruka, hasa wazee wanaoishi peke yao na wasioweza kufika huku juu. Mtume mtoto tu, tutakuja.

Likizo njema,
Mwalimu Mkuu

NB: Masweta yaliyosahaulika madarasani muhula huu ni mengi kupita kiasi na karibu yote hayana majina. Yamepangwa mezani nje ya ofisi, njooni muyaangalie kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, yatakayobaki yanafuliwa na kuingia kwenye mafungu ya majirani.