Barua kwa mwanangu aliye Maskati: hiyo mikono kwenye picha

Asalaam aleikum babangu,

Picha nimeiona. Dadako alinifungulia Ijumaa baada ya magharibi, ile rodi nyeusi ya kuvulia samaki, uliyoifunga pete za kupitishia mshipi kwa uzi wa buluu na zari ya dhahabu, na kabla hata sijasema mashaallah nikaivuta ile picha kwa vidole nikaangalia mkono ulioshika rodi. Kati ya kidole cha shahada na cha kati pamekuwa pekundu na ngozi inabanduka. Usiniambie ni jua la Maskati, jua haliingii katikati ya vidole.

Unapaka epoksi, ile gundi ya kufunika uzi, bila glavu. Siulizi, nakwambia, manake hiyo alama naijua, mimi mwenyewe ilinianza hapo hapo.

Kazi ni nzuri sikatai. Zari imelala vizuri, mizunguko sita kila upande nimeihesabu, hakuna uliompanda mwenzake na pale ulipokata sioni hata kimwiba kimoja kimesimama. Kuna nahodha alikuja Jumamosi kuchukua rodi zake mbili nikamuonyesha simu, nikamwambia huyu ni mwanangu yuko Maskati, akaiangalia mpaka simu ikajizima. Akaniuliza unarudi lini. Nikamwambia muulize mwenyewe. Nilifurahi babangu, siku nzima nilikuwa mwepesi, lakini usiku nikilala naona ule wekundu tu.

Na ile picha ya pili, ile rodi fupi ya kurushia kolekole, hiyo hapana. Zari upana wa vidole viwili ya nini? Najua utasema mteja ndo ametaka, na huko wanapenda vitu ving'ae, sawa, mteja ana pesa zake, lakini fundi ni wewe na pete ikingoka atamtaja fundi. Zari haibebi mzigo. Uzi wa nailoni ukiufunga kwa nguvu unavutika kidogo halafu unajirudi unabana, huko kubana ndo kunashika mguu wa pete, ule unaolala kwenye rodi, samaki akikimbia, zari haina hiyo, ndani ni uzi na juu ni utando wa plastiki uliopakwa metali, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, ukiibana kama nailoni unachanika na weupe wa ndani unatokeza. Kwa hivo fundi akiifunga anailegeza, na akiilegeza haishiki kitu. Kama mteja anataka dhahabu nyingi basi mfungie nailoni kwanza chini, zari uiweke kwenye kingo, halafu pete juu yake na nailoni nyingine ya kuishika miguu. Iwe kama upindo wa joho, joho halishikwi na zari yake. Hiyo kazi ya majoho ndo iliyonileta mimi kwenye rodi na unaijua hadithi siirudii.

Sasa glavu.

Uliniambia kwa simu ati glavu zinakuzuia kuusikia uzi. Ni kweli na nani alikwambia ufunge uzi na glavu? Uzi unafungwa kwa mkono mtupu uliooshwa, mafuta ya samosa yasiwepo, zari ikishika mafuta epoksi haikai vizuri juu yake. Ukimaliza kufunga, ukishaikandamiza mizunguko ikakaribiana, ukishakata mikia ya uzi kwa wembe mpya, ndo unavaa glavu halafu ndo unafungua chupa. Kabla ya kufungua chupa, sio baada. Chupa yenyewe kwa nje huwa imechuruzika, kifuniko kina gundi, unakishika unadhani kimekauka na hakijakauka, halafu unajikuna shingo, halafu unashika simu, kesho unashika simu ile ile na mkono safi.

Na sio glavu zozote. Zile nyeupe za mpira za kununua popote epoksi inazipenya, unaona mkono mkavu na huku kitu kinaingia. Tafuta za nitrili, mara nyingi ni buluu au nyeusi, na ukishapaka tupa, usizianike kwenye msumari kama vile nilivokuwa nafanya mimi. Ikikudondokea kwenye ngozi osha na sabuni na maji hapo hapo. Usipanguse na thina wala asetoni, thina inaiyeyusha na kuisukuma ndani ya ngozi, na wewe ukaona umesafika.

Unajua mimi nilijua lini haya? Ni baada ya kuvimba macho. Mikono ilikuwa imenitoka vipele miezi, nikisema ni sabuni, nikisema ni maji ya kisima, nikapaka mafuta ya nazi, nikapaka kila kitu nilichoambiwa, mpaka siku hiyo nikaamka kope zimejaa sioni. Daktari wa ngozi Mombasa akanibandika vitu vidogo vidogo mgongoni nikakaa navyo siku mbili, wakabandua, pale pa epoksi palikuwa pamevimba pekundu na kwingine kote safi. Akaniambia mama, mwili wako umeikataa hii kitu na ukishaikataa ndo basi, hautaizoea tena maisha yako yote. Hakuna dawa ya kuurudisha nyuma. Nikimkaribia mtu anayeichanganya tu kope zinaanza. Ndo maana unaona sasa mimi nafunga uzi tu, kupaka anapaka yule binti wa jirani, uani, mimi niko ndani na mlango nimefunga.

Mwili unaweza kuvumilia mwaka, unaweza kuvumilia miaka kumi, halafu siku moja ukasema hapana. Wewe ulianza ukiwa na miaka kumi na moja.

Boksi moja la glavu wakati ule lilikuwa linanipigia hesabu na unga. Na vidole vyako vilikuwa vidogo, ulikuwa unaipaka brashi pembeni ya mguu wa pete pale mimi siwezi kufika, na hukuwa ukilalamika. Sijui kwa nini nakuandikia hili. Dadako hajawahi kuishika hata mara moja, hilo nimelisimamia.

Nimerudi kuiangalia tena ile picha. Kwenye ncha ya juu naona kama kuna kivimbe kidogo chini ya uzi wa buluu, pale mkia wa zari ulipoingia. Umeuvuta kwa kitanzi cha uzi gani? Usitumie kitanzi cha nailoni nene, tumia mshipi mwembamba wa kuvulia, ule laini, unateleza. Ikibaki mizunguko kama kumi ya buluu ulaze chini kitanzi pamoja na mkia wa kuanzia wa zari, mizunguko ipite juu yao, umalize buluu uifunge na kitanzi chake yenyewe, halafu ndo uzungushe zari mara tano au sita, ncha uitie kitanzini uivute taratibu irudi chini ya buluu. Taratibu babangu, ukiivuta kwa pupa utando unabanduka na ule uzi wa ndani unakunjamana, ndo hicho kivimbe. Mkia wa kuanzia na mkia wa kumalizia visikae upande mmoja wa rodi, vikikaa pamoja vinavimba mara mbili. Halafu ncha ukiikata ikate chini ya usawa wa uzi, zari haikatiki kama nailoni, inachambuka, na ule mchambuko ukitokeza juu ya epoksi hata kama nywele ndo njia ya maji ya chumvi. Maji yanaingia hapo yanatembea chini ya uzi mpaka kwenye mguu wa pete, kutu inaanza ndani wewe huioni, mwakani samaki anavuta na pete inatoka na uzi wake wote.

Nakwambia hivo manake nimefanya. Kulikuwa na rodi ya mshipi wa pauni 80 ya mashua moja hapa, mwanzo mwanzo, zari ya rodi ilikuwa imeniishia nikatumia ile ya kushonea, ile ya dukani iliyozungushiwa shaba. Iling'ara kweli. Mwisho wa kaskazi ikarudi imekuwa nyeusi kama mkaa na chini yake kijani. Nikaifunga upya bure, na yule nahodha hakuleta rodi tena, na mimi nikasema watu wa mashua hawana shukrani. Shaba ile.

Na ile rodi ya zari ya kijani waliyoisifu sana ufukweni, ile ya msimu uliofuata, walidhani ni mkono wangu na mimi nikapokea ile sifa nikanyamaza. Wewe ulikuwa umesimama pale. Mkono ulikuwa wako.

Huko joto ni kali kwa hivo epoksi itakuwahi, usiiache ndani ya kikombe, ikirundikana inajipasha moto yenyewe inaganda unaona. Imwage kwenye foili itandae, utapata dakika za kutosha. Pima sawa kwa sawa na sirinji mbili, moja ya gundi moja ya kigumisho, usizibadilishane, koroga polepole usiipige kama mayai, mapovu yanapenda kujificha kando ya zari kwa sababu zari hainywi gundi kama nailoni. Mipako miwili myembamba, sio mmoja mnene. Na rodi izunguke muda wote mpaka ishike, naona huko mna mota za maana, sio ile yetu ya sahani ya maikrowevu na stima ikipotea ni mkono mpaka alfajiri. Haya yote unayajua. Nayasema ili nikifika kwenye glavu usiseme mama anajua kugombeza tu.

Mwambie tajiri wako anunue glavu. Kama hanunui nunua mwenyewe, mwezi huu usinitumie pesa, nunua glavu, nina maana ninavyosema. Na kama mafundi wenzako wanacheka waache wacheke, waulize mmoja mmoja wafungue viganja uone. Kusugua pia, ukiisugua epoksi na msasa vaa barakoa na sugua ikishakauka kabisa, ikiwa bado laini ule unga wake ni epoksi mbichi ile ile.

Na kama muwasho ushaanza usingoje. Enda kwa daktari wa ngozi, mwambie kazi yako, taja epoksi kwa mdomo wako, manake usipotaja watakupa mafuta ya kupaka kama mimi nilivopewa mara tatu. Mjombako anajua hospitali za huko, mpigie. Ameniambia hujaenda kwake tangu mfungo mosi na anaona kama umemkasirikia. Nenda, hata kwa kikombe cha kahawa.

Huku tuko salama. Kusi imekaza, mashua zimevutwa juu, babako yuko nyumbani na anatafuta kitu cha kutengeneza kila siku, juzi alitaka kugusa meza yangu ya kufungia nikamtoa. Kazi ya rodi ni nyingi wakati huu, nina kumi na nne zimesimama ukutani na nyingi ni pete zilizoota kutu. Makuti ya upande wa jikoni yamechoka, tulikubaliana tubadilishe kabla ya vuli, babako anasema yeye mwenyewe atapanda juu na mimi nimesema hapandi, umri huo apande juu ya nini. Dadako anasoma, mtihani ni mwisho wa mwaka, usiku anakaa na taa mpaka saa sita, ukimpigia usimwambie habari za mikono yako, mwambie mimi. Mbuzi yule mweusi amezaa wawili, mmoja dume. Nyanyako anauliza kila siku kama Maskati kuna papai.

Zari ya rangi ya shaba huku imeadimika, kama huko iko niletewe bobini mbili na yeyote anayekuja, ya saizi ndogo A, kubwa nnayo. Lakini sio kwa pesa ya glavu.

Na kesho asubuhi, kabla ya kazi, simama mlangoni penye mwanga nitumie picha ya mikono. Yote miwili, mbele na nyuma, vidole umevipanua. Nitamwambia dadako aiache simu nyumbani.

Mamako