Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Muhuri wa machinjioni hautoshi

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuza nyama hapa Mombasa, na kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka ishirini. Juzi mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, aliitazama nyama ya paja la ng'ombe aliyechinjwa usiku uleule akaniuliza, "Kaka, mbona imekuwa nyeusi? Hii si imelala?" Nikamweleza. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akavuka barabara kwenda kununua pale nyama inapokuwa nyekundu asubuhi, nyekundu jioni, na kesho yake nyekundu vilevile.

Nyama haiko hivyo. Ukiikata, hewa huipa wekundu. Saa zikipita, hasa kwa joto letu, hugeuka rangi ya kahawia. Ndivyo ilivyoumbwa. Inayokataa kugeuka imetiwa kitu, na mara nyingi ni sodiamu metabaisulfaiti, unga mweupe unaonuka kama njiti ya kiberiti iliyotoka kuwaka. Sisi huuita dawa tu. Mwaka 2019 runinga ilipofichua kwamba nyama katika baadhi ya maduka makubwa ilikuwa ikitiwa dawa hiyo, nchi nzima ilishtuka. Kwa majuma kadhaa wateja walinusa kila kipande. Halafu tukasahau.

Sisemi kila kihifadhi ni sumu. Sulfaiti, yaani jamii ya dawa hii, hutumika kihalali kwenye matunda makavu na mvinyo, na Ulaya chakula chenye zaidi ya miligramu 10 kwa kilo lazima kitajwe hivyo kwenye pakiti. Lakini Ulaya hiyohiyo hairuhusu itiwe kwenye nyama mbichi, wala Marekani hairuhusu. Sababu yake naielewa kwa kisu changu: dawa hii huirudishia nyama iliyochoka sura ya ujana na kuua harufu ambayo ingemwonya mpishi. Pia huharibu vitamini B1. Na mwenye pumu inaweza kumbana kifua pale pale mezani, bila yeye kujua kilichomsibu, kwa sababu nyama ya kupimwa kwenye mizani haina pakiti wala maandishi.

Mkaguzi hupiga muhuri wake wa wino machinjioni, nami namheshimu sana. Ila muhuri ule unasema ng'ombe alikuwa mzima. Kilichonyunyizwa dukani siku mbili baadaye hauwezi kukijua. Ndiyo maana naomba nyama ipimwe dukani pia.

Najua utaambiwa maafisa wa afya ya umma wako chini ya kaunti. Ni kweli, lakini mwongozo na vifaa vinaweza kutoka kwako. Kipimo cha kwanza hata si cha gharama: nyama kidogo ya kusaga huchanganywa na matone ya rangi iitwayo malakaiti ya kijani. Nyama safi hubaki na rangi ile. Yenye sulfaiti huifanya ipauke ndani ya dakika chache, mteja akitazama. Itakayopauka ipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ithibitishwe, na majibu yatangazwe kwa Kiswahili, redioni na sokoni. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kuelezwa anachouziwa.

Afisa wako aanze na bucha yangu, asubuhi yoyote, bila kunipigia simu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuza nyama, Mombasa