"Haleluya" si mwisho wa "Messiah"

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu jioni ya Jumapili ya Matawi, nilipohudhuria onyesho la "Messiah", kazi ya muziki wa kwaya na ala iliyotungwa na George Frideric Handel, katika kanisa moja la hapa Dar es Salaam. Kwaya iliimba kwa Kiingereza, ikisindikizwa na kinanda, fidla chache na tarumbeta mbili, na ilikuwa dhahiri kwamba imefanya mazoezi ya miezi mingi.

Ilipofika "Haleluya", watu wote walisimama, wakainua simu kurekodi, wakapiga vigelegele, kisha wengi wao wakachukua mikoba yao na kutoka. Dada wa sauti ya kwanza alisimama mbele na nota zake mkononi akingoja utulivu, na alipoona hauji akaanza kuimba maneno ya Ayubu, "najua ya kuwa Mteteaji wangu yu hai", huku viti vikiburuzwa na magari yakiwashwa nje. Katika benchi letu tulikuwa wanane, tukabaki wawili.

Siwalaumu waliotoka, kwa kuwa wengi wetu tunaijua kazi hii kwa wimbo huo mmoja tu. Mimi mwenyewe niliufundishwa ujanani nikiimba besi, kwa solfa iliyoandikwa kwa chaki ubaoni, sauti ya kwanza wakianza "do, sol, la, sol", na tukauimba kila Pasaka bila mtu kutuambia kwamba umetolewa katika kazi ndefu yenye sehemu tatu, wala kwamba unafunga sehemu ya pili. (Desturi ya kusimama sina neno nayo, ingawa kisa kwamba ilianza Mfalme George wa Pili wa Uingereza aliposimama wimbo huu ukiimbwa kiliandikwa miaka mingi baadaye.)

Charles Jennens, aliyeyapanga maneno, aliyachukua katika Maandiko kwa mpangilio wenye hoja: kwanza unabii na kuzaliwa kwa Kristo, kisha mateso, ufufuo na kuenea kwa Injili, na mwishoni ufufuo wa wafu. Anayeondoka baada ya "Haleluya" amesikia kwamba Bwana anamiliki, lakini hajasikia habari hiyo inamhusu vipi yeye ambaye naye atakufa. Sehemu ya tatu ndiyo inayomjibu, nayo huchukua kama nusu saa tu. Humo ndimo besi huimba "parapanda italia", na jioni ile mpiga tarumbeta alifuta chombo chake kwa leso, akasimama, na mlio wake wa kwanza ulipotoka, mtoto aliyekuwa amelala mapajani mwa mama yake aliinua kichwa akatafuta ulikotoka. Humo pia ndimo mna "Astahili Mwana-Kondoo" na ile "Amina" ndefu, neno moja tu linaloanzia kwa besi na kupokewa na sauti moja baada ya nyingine hadi ya juu kabisa.

Ombi langu kwa waandaaji ni kwamba kila anayeingia apewe karatasi yenye maneno yote kwa Kiswahili. Kazi hiyo si ngumu, kwa maana maneno yenyewe tayari yamo katika Biblia zetu, kuanzia "Watulizeni mioyo" ya Isaya 40, na msikilizaji anayeyafuata kwa macho ataona mwenyewe kwamba bado kuna safari baada ya "Haleluya". Simu nazo zizimwe. Kazi hii ilipoimbwa kwa mara ya kwanza mjini Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, mabibi waliombwa waje bila yale matao yaliyotanua sketi zao, na mabwana waache panga zao, ili ukumbi upate nafasi ya watu zaidi. Walikubali, na fedha zilizopatikana zikasaidia hospitali mbili na wafungwa wa madeni. Kuzima simu kwa saa mbili na nusu ni jambo dogo kuliko hilo.

Iwapo kikwazo ni mtu wa kuiandaa karatasi hiyo, mimi na wenzangu wawili tuliowahi kuimba pamoja tuko tayari kuketi na Biblia na nota na kuikamilisha bila malipo, mapema kabla ya Kwaresima ijayo.

Wako,
Mwimba besi mstaafu,
Dar es Salaam