Mwanangu, usimtungie baba yako mtihani

Mwanangu,

Ukifika Alhamisi nitakuwa nimeshalazwa, jicho la kushoto likisubiri kisu, kwa hiyo nakuandikia mapema kabla ukungu haujazidi. Herufi ni kubwa kwa sababu hiyo, usidhani nimekurudisha darasa la kwanza. Wiki tatu baba yako atakuwa mikononi mwako. Dawa zimo kwenye kopo jeupe, ratiba nimeibandika ndani ya mlango wa kabati, na dada yako atapita Jumapili. Hayo hayanitii hofu. Kinachoninyima usingizi ni matembezi ya asubuhi. Naogopa utayaacha.

Najua utaniambia, "Mama, si mimi ndiye niliyekutumia zile habari za mazoezi?" Ni wewe, na ndiyo maana naogopa. Ile makala ya kwamba mazoezi yanaotesha seli mpya za ubongo kwa wenye ugonjwa wa Alzheimer, huu wa kusahau alio nao baba yako, niliisoma mara mbili kwa kioo cha kukuzia. Kichwa cha habari kilisema wagonjwa. Aya ya sita ikasema panya. Panya waliozalishwa maabara ili wapate kitu mfano wa ugonjwa huo, wakawekewa gurudumu la kukimbilia. Kazi nzuri ya sayansi, sikatai, lakini baba yako hana mkia.

Halafu ile ya pili, ya ubongo kukua kwa asilimia 2. Nimefundisha hesabu miaka 30. Nikiona asilimia nauliza, ya nani? Utafiti ule ulichapishwa Marekani mwaka 2011. Wazee 120, kundi moja likatembea kwa kasi dakika 40 siku tatu kwa wiki, jingine likanyoosha viungo tu. Baada ya mwaka, hipokampasi, kile kisehemu kinachopokea kumbukumbu mpya, ilikuwa imekua kwa takribani asilimia 2 kwa watembeaji, na kwa wenzao imesinyaa kwa zaidi kidogo ya asilimia 1. Kweli tupu. Ila wazee wale hawakuwa na ugonjwa. Hapo uliparuka, kama ulivyokuwa ukiruka hesabu za mafumbo.

Kwa mtu ambaye ugonjwa umeshamwingia, mambo ni mengine. Kule Uingereza walichukua watu karibu 500 wenye ugonjwa wa kusahau ambao haujawa mkali, wa kiwango kidogo na cha kati, wengine wakabaki na huduma yao ya kawaida, wengine wakafanyishwa mazoezi ya nguvu kwa miezi 4, ya kuendesha baiskeli isiyotoka mahali na kunyanyua vyuma. Majibu yalitoka 2018. Miili ilipata nguvu, lakini kusahau hakukupunguza mwendo. Kwenye vipimo vya akili waliofanya mazoezi walikuwa hata nyuma kidogo ya wenzao. Kidogo tu, lakini nyuma. Ubongo wa baba yako una mabonge ya protini ya amiloidi yaliyojazana kati ya seli na seli, na ndani ya seli zenyewe nyuzi za tau, protini nyingine, zimejisokota. Seli iliyokwisha kufa haifufuliwi na miguu.

Sasa nakuona kabisa. Wiki ya kwanza utamtembeza kwa bidii, jioni utamwuliza jina la mjukuu wake, atalikosa. Wiki ya pili utamwuliza tena, atalikosa na la mwingine. Wiki ya tatu utasema moyoni, ya nini kumtoa mzee nje kwenye upepo? Hapo hapo ndipo ninapokuomba usiache. Na usimwulize. Hata kwenye simu, mwanangu, unaanza na "Baba, mimi nani?" Je, wewe ungependa kusalimiwa kwa swali la mtihani?

Kwenye droo ya meza kuna daftari la bluu. Usilifungue. Haya, najua utalifungua. Utakuta jedwali: tarehe, dakika za kutembea, alama juu ya kumi. Kila Ijumaa nilimwuliza maswali kumi, siku gani, mwezi gani, majina yenu kwa mpangilio wa kuzaliwa. Alianza na saba. Utaona zinavyoteremka, na utaona ukurasa ambao safu ya dakika ni sifuri, wiki tisa mfululizo. Baada ya hapo daftari halina kitu, ingawa kutembea tulirudia.

Aliyenirudisha njiani ni nesi wa kliniki, aliponieleza majaribio ya Ufini ya mwaka 2013. Wagonjwa 210, wote wanaishi nyumbani na wake au waume zao, watu kama sisi. Mazoezi saa moja mara mbili kwa wiki, mwaka mzima, wengine kwa vikundi, wengine mtaalamu akiwafuata majumbani. Walichopima zaidi ni kuvaa, kuoga, kuinuka kitini. Wote walishuka, ugonjwa ni wa kushuka, lakini waliofuatwa nyumbani walishuka polepole kuliko wasiofanya, na waliofanya mazoezi walianguka mara chache. Wadenmarki nao, 2016, wagonjwa 200 kwa wiki 16: kufikiri hakukupanda, ila zile dalili za tabia na hisia, mahangaiko, huzuni, kufoka, zilikuwa nafuu. Nikakaa nikafikiri. Kufunga vifungo vya shati mwenyewe hakumo kwenye daftari langu. Kulala mpaka alfajiri hakumo. Nilitunga mtihani mbovu, halafu nikamlaumu mtahiniwa.

Basi namna yenyewe ni hii. Usimwambie "twende mazoezi", atakujibu ameshafanya. Mwambie "baba, nisindikize". Hajawahi kumwacha mtu aondoke peke yake, na hilo ugonjwa haujalifikia. Njia ni ile ile kila siku, saa ile ile, asubuhi kabla jua halijawa kali. Ukibadilisha njia ili asichoke nayo, utakayechoka ni wewe, maana yeye ataanza kutafuta nyumbani. Kasi iwe ya kumtoa jasho jembamba, si ya kumkimbiza. Akishika kifua au akisikia kizunguzungu, mnarudi na unampigia daktari, usisubiri kuniuliza mimi. Maji mpe wewe. Kiu haisikii vizuri siku hizi.

Mkiwa mnatembea usimpe maswali hata ya mzaha. Atasimama ili afikiri. Miguu na maneno vinagombania akili ile ile moja, na tangu miaka ya 1990 wameshapima kwamba mzee anayesimama kila akisemeshwa yuko karibu zaidi na kuanguka. Mkae kwanza kwenye benchi ndipo mzungumze. Au nyamaza tu. Wewe kunyamaza hukujaliwa, lakini jaribu.

Jioni, kabla hajaanza yale mahangaiko yake ya kutaka kwenda "nyumbani", msimamishe na kumketisha mara kumi kwenye kile kiti chenye mikono. Hesabu naye kwa sauti; bado anapenda kuhesabu. Mapaja yakilegea, choo kinakuwa safari.

Zulia dogo jeusi la mlangoni pa bafu nimelitoa, usilirudishe hata kama sakafu inaonekana tupu. Rangi nyeusi chini anaiona kama shimo, anaruka. Na kuhusu ile siku alipoanguka humo bafuni: niliwaambia sakafu ilikuwa na maji. Ilikuwa kavu. Ilikuwa wiki ya nane. Sabuni mpya ziko rafu ya juu.

Kuna watu mtakutana nao njiani, watamsalimia, naye atawajibu vizuri sana kisha akuulize kwa sauti kubwa, "Huyu nani?" mbele yao. Utaona aibu. Mimi niliona, na aibu ile nayo ina sehemu yake kwenye zile sifuri, sitaki kuzisingizia alama peke yake. Mjibu tu ni nani, muendelee.

Na wewe mwenyewe je? Una miaka 42 na kazi yako ni kiti. Huwa unanificha, lakini dada yako ameniambia ulipimwa presha ikawa juu na dawa hujaanza. Amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 hata 20 kabla mtu hajasahau jina lolote. Kuwa na baba mwenye ugonjwa huu kunaongeza uwezekano, hakumaanishi nawe utaupata. Lakini wakati wa miguu kuusaidia ubongo kwa faida kubwa ndio huu wako, na presha ya umri huu ni miongoni mwa mambo yanayoaminika kuongeza hatari. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afikishe angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa ya kumsindikiza baba yako, mara tano, ni ngapi? Haya. Basi hata ukimkatia tamaa yeye, nenda kwa ajili yako, mradi mzee atoke.

Sikusemi vibaya. Uliomba likizo bila kuambiwa na mtu, na niliposikia niliingia chumbani nikafunga mlango. Baba yako alinigongea akauliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, mwanao anakuja. Akasema, "Yupi?" Halafu akaenda kuchukua fimbo yake, akasimama mlangoni kukusubiri, na siku zilikuwa bado kumi na mbili. Tukatoka tukatembea kidogo.

Bomba la jikoni linadondosha, mkazie fundi macho la sivyo atabadilisha lisiloharibika. Betri za saa ya ukutani nimeweka mpya. Ikisimama anaamka saa nane za usiku na kuoga. Kitasa cha mlango wa nyuma lazima ukinyanyue kwanza ndipo ufunguo uzunguke, na ufunguo ukae kwako mfukoni, sio kwenye msumari. Kile kikaratasi chenye jina lake na namba yako ya simu kimo kwenye mfuko wa koti la kahawia. Akivaa koti jingine, kihamishe.

Viatu vyake vya kutembelea ni vile vya kubandika, si vya kamba. Viko kando ya mlango, vimetazama nje. Viache hivyo hivyo. Akivikuta vimetazama ndani anadhani ameshatoka na kurudi.

Mama yako