Usawa wa Wagiriki upi huo?

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu ujana wangu na sijawahi kukusumbua, ila ile makala ya jengo la kumbukumbu ya Abraham Lincoln mjini Washington imenikaa kooni. Mwandishi wenu anadai Henry Bacon, msanifu wa jengo hilo, aliiga Parthenon, lile hekalu la kale la Athens, ili "usawa wa Wagiriki" upate makao Marekani. Usawa upi huo? Parthenon ilipoanza kujengwa, mwaka 447 KK, wanawake wa Athens hawakuwa na kura, wahamiaji hawakuwa na kura, na watumwa ndio usiseme.

Nilifika pale na wajukuu. Kijana aliyetutembeza alitueleza vizuri zile nguzo 36 zinazozunguka jengo, moja kwa kila jimbo lililokuwepo Lincoln alipouawa mwaka 1865, akatuonyesha na majina ya majimbo yalivyochongwa juu yake. Hapo sina ugomvi naye. Nikamuuliza: siku ya uzinduzi, tarehe 30 Mei 1922, watu weusi walikaa wapi? Akatazama saa, akasema basi linatusubiri. Basi gani! Nikawaeleza wajukuu mwenyewe, kwa sauti, na waliotaka kusikia wakasogea: walitengewa sehemu yao, kando na wazungu, siku ya kumuenzi mtu anayesifiwa kwa kukomesha utumwa. Robert Moton, mtu mweusi, mkuu wa Tuskegee, chuo cha watu weusi kule Alabama, aliitwa kuhutubia, lakini hotuba ilikaguliwa kwanza, makali yakaondolewa. Kama ni kuiga Athens, hapo waliiga barabara: hekalu la kupendeza, na mtu wa kuamua nani ahesabiwe raia. Halafu mnatuandikia weupe wa marumaru ati ndio usafi wa Kigiriki, wakati Parthenon yenyewe ilipakwa rangi!

Na ile picha. Mmeandika sanamu ya Lincoln iliyomo ndani ya jengo "imechongwa na Daniel Chester French". French aliibuni, walioshika patasi ni ndugu wa Piccirilli, wahamiaji wa Kiitaliano waliokuwa na karakana New York. Lakini nisishangae, maana hata huko nyumbani ghorofa likizinduliwa mnatuonyesha waziri na mkasi wake, fundi hatumwoni hata kisogo.

Nashauri mwandishi huyo mumtume Washington tarehe 30 Mei na kamba ya mita ishirini. Aitandaze kwenye nyasi, akae nyuma yake juani, aisome hotuba ya Moton pamoja na yaliyokatwa, ndipo atuandikie habari za usawa. Kamba nitanunua mimi.

Bibi wa watu,
Silver Spring, Maryland