Barua kwa mwanangu kuhusu taa za Vitz

Tanga

Kwako mwanangu Hamisi,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi huku nyumbani hatujambo. Nimefurahi kusikia kwamba ile Toyota Vitz bado inakupeleka kazini na kukurudisha, lakini tangu uliponiambia kwamba usiku ukitoka Chalinze huoni mbali, na kwamba mwisho wa mwezi unakusudia kununua balbu za LED, moyo wangu haujatulia. Baba, nakuomba usizinunue kwanza. Taa za gari lile nimezitumia usiku kwa miaka mingi nilipokuwa nikienda zamu, na ninaamini tatizo lako haliko kwenye balbu.

Gari hilo ni la toleo la kwanza, lililotengenezwa kati ya 1999 na 2005, na taa zake hutumia balbu ya H4 yenye nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: uzi wa dimu, yaani mwanga wa chini wa kupishana, wa wati 55, na uzi wa fulu, yaani mwanga wa mbali, wa wati 60. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha bati, na kazi yake ni kuzuia mwanga usiangukie nusu ya chini ya bakuli linaloakisi mwanga, kwa kuwa ukiangukia hapo hurudi ukielekea juu, machoni mwa dereva anayekuja mbele yako. Bakuli lenyewe limechongwa kwa kufuata mahali hasa ulipo uzi huo. Balbu nyingi za LED hazitoi mwanga wake kutoka mahali pale pale, na ndiyo maana mwenye gari huona kweupe karibu na boneti yake, ilhali mbali bado ni giza na mwenzake anayekuja amepofuka.

Balbu za wati 100 nazo usiziguse. Mimi niliwahi kufungiwa hizo na fundi aliyeniambia kwamba nitaona kama mchana, na kwa wiki mbili nilimwamini. Kisha usiku mmoja nikitoka Segera, kabla sijafika Muheza, taa zote mbili zilizimika kwa pamoja na nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilisogea pembeni kwa kuufuata mwanga wa lori lililokuwa nyuma yangu, na sijawahi kuogopa namna ile tena barabarani. Soketi zilikuwa zimeyeyuka, kwa sababu waya zilizotengenezwa kubeba takriban ampea nne au tano kwa kila balbu zilikuwa zikibebeshwa karibu mara mbili ya hapo. Moja ya soketi hizo ilibadilishwa. Ya pili iliunganishwa tu kwa mkanda, nami nashuku ndiyo inayokusumbua hadi leo.

Kwa hiyo anza kwa kupima umeme. Washa injini na taa, kisha weka mita ya umeme kwenye vichwa vya betri. Ikiwa alteneta, ile inayochaji betri, ni nzima utasoma volti 14 hivi. Halafu pima nyuma ya soketi ya taa, balbu ikiwa inawaka, maana balbu ikiwa imechomolewa hata waya mbovu huonyesha volti kamili na kukudanganya. Ukiona volti moja au zaidi imepotea njiani, umepata mwizi wako. Volti zikipungua kwa sehemu moja tu ya kumi, mwanga wa balbu ya namna hii hupungua kwa karibu theluthi nzima, na ndiyo sababu gari hukaa miaka likififia taratibu bila mwenyewe kugundua. Fuata waya za hasi hadi kwenye bolti zinazozishikilia kwenye bodi, fungua, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza tena na upake grisi juu yake. Gari lililokaa huku kwetu kwenye upepo wa chumvi huota kutu hapo kabla ya mahali pengine popote. Soketi iliyogeuka rangi ya kahawia ibadilishwe, kuisugua hakutasaidia.

Umeme ukishakuwa sawa, tazama vioo vya taa. Si vioo hasa, ni plastiki, na jua limeifanya kuwa ya manjano. Bandika tepe kwenye rangi inayozunguka taa, tumia msasa wa maji wa namba 800, kisha 1500, kisha 2000, halafu polishi. Dawa ya meno ambayo vijana huisifu hung'arisha kwa siku chache tu. Hata kazi ya msasa haitadumu usipopaka juu yake vanishi isiyo na rangi inayozuia miale ya jua. Ukishauriwa kununua taa nyingine zilizotumika, uliza zilitoka wapi: za Japani zinatufaa kwa sababu wao pia huendesha kushoto, lakini za gari lililotumika Dubai hurusha mwanga upande wa kulia, kwa wanaokuja.

Mwisho pima mwelekeo wa mwanga. Simamisha gari mita tano kutoka ukutani, mahali tambarare, tairi zikiwa na upepo sahihi na mtu akiwa ameketi kwenye kiti cha dereva. Ukingo wa juu wa dimu unapaswa kuwa takriban sentimita tano chini ya usawa wa katikati ya taa. Skrubu za kurekebisha ziko nyuma ya taa.

Hapo ndipo ununue balbu mpya mbili za wati 60/55, ubadilishe zote kwa pamoja, bila kugusa kioo chake kwa vidole, kwa kuwa mafuta ya ngozi huungua juu yake na kuipasua mapema.

Mita ya marehemu baba yako ninayo kabatini, na mdogo wako atakuja nayo kwa basi Ijumaa. Hadi hapo, nakusihi urudi nyumbani kabla ya magharibi. Ukishapima, nipigie unisomee namba za betri na za kila soketi, nami nitaziandika.

Mama yako